Mtoto Si Barua ya Kumjibu Jirani

Wazazi wenzangu wa Uganda, tuache kuwabebesha watoto majina ya machungu yetu. Nalisema hili nikiwa mwalimu ninayeita rejista kila asubuhi hapa Busia, mpakani na Kenya, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya madereva wa malori na ya wabadilisha fedha, na ambako wazazi wamezoea kuchota majina humo humo: Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko, Vita. Ukiita "Mateso," anasimama mtoto wa darasa la saba, sare imepigwa pasi, daftari safi, uso umechangamka. Yeye hajateswa na mtu. Aliyeteswa ni mama yake, katika ndoa iliyovunjika kabla mtoto hajazaliwa.

Zamani jina la namna hiyo lilikuwa na unafuu wake. Katika kijiji ambacho watu walizungumza Kisamia peke yake, Tabu lilikuwa jina la kuitikia tu, kama jina jingine lolote. Leo sivyo. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mimi ni mmoja wa waliofurahi sana siku ile, na bado nafurahi. Lakini kila tunapofika kwenye msamiati wa hisia, nikaandika ubaoni furaha, huzuni, taabu, mateso, naona vichwa vinageukia dawati moja. Kadiri tunavyofundisha Kiswahili vizuri, ndivyo watoto hawa wanavyozidi kuelewa walichoitwa, na wenzao pia wanaelewa.

Na jambo hili si la Kiswahili peke yake. Kwa Wanyoro wa Hoima na Masindi utakutana na Tibamwenda, yaani hawampendi. Nyendwoha, nani anipendaye. Byarufu, mambo ya kifo. Kwa Waacholi wa Gulu na Kitgum yuko Komakech, mwenye mkosi. Yuko Kinyera, wananicheka. Yuko Kidega, wamenikataa. Arua wako Candia na Candiru, waliozaliwa katika dhiki, na majina mengi yanayoanza na Dra, neno ambalo kwa Kilugbara ni kifo.

Yasome majina hayo polepole uone ni nani anazungumza na nani. Mtoto mchanga hajui kama anachekwa. Anayesema "wananicheka" ni mama, na anawaambia mawifi na wake wenza: nimesikia, najua. Anayesema "hawampendi" ni mke aliyeingia katika ukoo usiomtaka. Jina hilo ni barua. Mtu mzima amemwandikia mtu mzima mwenzake, kisha akampa mtoto aipeleke. Wale walioandikiwa watahama, watazeeka, watakufa, na wengine watapatana na mwandishi wakala naye chungu kimoja. Mtoto atabaki na barua mkononi miaka sabini, anawasomea watu ambao hawakuhusika kabisa.

Siwadharau mama zetu na bibi zetu walioandika barua hizo. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao hakuwa na pa kusemea. Asingeweza kumjibu mama mkwe mbele za watu, wala kumkaripia mume anayelala nyumba nyingine. Lakini mtoto alikuwa wake kumwita, asubuhi na jioni, kwa sauti ya kufika hadi uani kwa jirani, na hakuna aliyeweza kumwambia anyamaze. Ilikuwa akili kubwa ya mtu aliyebanwa kila upande. Naiheshimu akili hiyo. Ninachosema ni kwamba leo dada huyo anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwa mahakama, kwa kikundi cha akiba cha wanawake wenzake. Milango hiyo haifunguki kirahisi kila mara, hilo nalijua, lakini ipo, na hakuna hata mmoja unaomdai mtoto alipe maisha yake yote.

Tena wazee wetu walijua kupunguza makali. Wanyoro na Watoro, pamoja na jirani zao Watuku, Watagwenda na Wanyabindi, wana desturi ya mpaako. Kila mtu, juu ya jina lake la kuzaliwa, hupewa moja kati ya majina 12 ya heshima na upendo: Amooti, Abwooli, Akiiki, Ateenyi, Adyeeri, Araali na mengine. Jina hilo ndilo la kusalimiana, la kubembelezea, la kumtuliza mwenye hasira. Kwa hiyo mtu angeweza kuitwa Tibamwenda na bado siku nzima asisikie neno hilo masikioni mwake. Asubuhi ni Abwooli, jioni ni Abwooli, mkwewe akimpa maji ni Abwooli. Jina chungu lilitajwa kwa nadra, na mara nyingi na mtu anayejua kisa chake. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mpaako katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu watu wanaiacha. Hapo ndipo ninapoumia. Tumeacha dawa, tumebaki na ugonjwa. Shuleni hakuna mpaako, hospitalini hakuna, kwenye kitambulisho cha taifa hakuna. Kuna Tibamwenda peke yake, kwa herufi kubwa.

Kuna aina nyingine ya majina haya ambayo ni lazima niitaje kwa adabu zaidi, nayo ni ya wazazi waliozika. Mtu amezika wa kwanza, amezika wa pili, akizaliwa wa tatu anaitwa kwa jina baya makusudi ili kifo kimpite, kimwone hana thamani. Hapa mpakani, pande zote mbili, tunalo jina Makokha, la jalala, ambalo lilitolewa kwa mtoto wa namna hiyo. Nani atamlaumu mzazi huyo? Alikuwa anapigana kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Ila nyakati zimesogea. Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 ulikuta watoto 64 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano; ule wa 2022 ukakuta wamepungua hadi 52. Bado ni wengi mno, na kila mmoja ana mama. Lakini kilichopunguza ni chanjo, chandarua, maji safi na kujifungulia kituo cha afya. Mzazi mwenye hofu akimbilie huko, na mtoto aitwe kama mtu anayetarajiwa kuishi.

Vita vya kaskazini navyo vimetuachia majina. Karibu miaka 20 ya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army), hadi mazungumzo ya Juba yalipoanza mwaka 2006, zaidi ya watu milioni moja na nusu waling'olewa makwao na kusongamana kambini. Watoto wakazaliwa kambini, wengine wakazaliwa porini na wasichana waliotekwa. Ukikutana na kijana wa Kiacholi wa umri huo anayeitwa Anenocan, nimeona dhiki, au Odokorac, mambo yameharibika, usimwulize maana mbele za watu. Baadhi ya vijana hawa walirudi vijijini wakakuta ukoo wa mama hauwataki na ukoo wa baba haujulikani. Ardhi hawana, na jina linawatangaza kabla hawajafungua mdomo. Nikifikiria suala hili zima, hao ndio wananikosesha usingizi kuliko wengine wote.

Sasa, nisije nikaeleweka kwamba nataka tutupe majina ya asili tujaze rejista kwa majina ya Kizungu. Hapana, na wala jina la ubatizo halifuti lile la kwanza, linatangulia tu. Jina linalokumbusha tukio ni urithi mzuri. Wafula alizaliwa mvua ikinyesha. Wanjala alizaliwa mwaka wa njaa, na njaa ile haikuwa kosa lake wala aibu yake; kijiji kizima kilikonda. Lutalo wa Buganda ana vita ndani ya jina, Musisi ana tetemeko la ardhi. Hata jina Museveni limetokana na Abaseveni, askari wa batalioni ya saba ya King's African Rifles, waliopigana Vita Vikuu vya Pili, na Rais akazaliwa wakati huo. Majina hayo yanasema wakati ulikuwaje. Hayasemi mtoto ni mkosi, hatakiwi, anachekwa. Mimi huo ndio mpaka wangu. Na wako walioepuka suala hili kabisa: Wakonjo wa Kasese huwaita watoto kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, ndiyo maana una Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, na mama aliyegombana na wifi yake asubuhi hawezi kuingiza ugomvi huo katika jina.

Majina ya wakubwa wa dunia nitayapita haraka. Tunao akina Saddam na akina Gaddafi mitaani, na Julai 2015, Obama alipozuru Kenya, magazeti yaliripoti watoto wa Siaya, si mbali na hapa, walioitwa kwa jina la ndege yake. Naona ni pupa ya siku moja. Jina la namna hiyo halina uchungu wa kumwita mtoto mkosi, ingawa mtoto huyo naye atachoka kueleza.

Kinachofanya yote haya yawe mazito leo ni karatasi. Zamani jina lilibadilika mtu akikua, akihama, akipona ugonjwa, akipata watoto pacha. Tangu uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulipoanza mwaka 2014, na sheria ya usajili wa watu ya 2015 ikaweka mambo yote chini ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, jina limeganda. Kulibadilisha kunawezekana kwa aliyetimiza miaka 18: unatangaza katika Gazeti la Serikali, unasubiri siku zisizopungua saba, unapeleka maombi, unalipia. Wakubwa wanaijua njia. Kabla ya uchaguzi wa 2021 Rais mwenyewe aliapa hati ya kisheria akaongeza Tibuhaburwa katika majina yake rasmi. Lakini kijana wangu wa darasa la saba akifika miaka 18, cheti cha PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kitakuwa kimeshatoka kwa jina la Mateso, na pengine cha UCE, mtihani wa kidato cha nne, pia. Akibadilisha, vyeti havilingani na kitambulisho, na kila mwajiri atamtuma alete kiapo cha wakili. Wengi wanakata tamaa wanaliacha.

Kuna jingine jipya. Kwetu kila mtoto alikuwa na jina lake, ndugu wa tumbo moja hawakushiriki jina. Siku hizi tunaiga mtindo wa jina la baba kuwa la familia. Matokeo yake Byarufu, lililotokana na msiba wa nyumba moja, linakwenda kwa wajukuu na vitukuu, watu waliozaliwa katika furaha tupu.

Kubadilisha jina baya si uzungu wala si utovu wa heshima kwa wazazi. Raheli akiwa katika kukata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo, aliyempenda Raheli kuliko wote, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Aliomboleza mke wake, lakini hakukubali mtoto awe kilio chake. Waislamu nao wanajua kwamba Mtume alimkuta mwanamke anaitwa Asiya, kwa maana ya mwasi, akampa jina la Jamila. Alimwambia mwingine, Hazn, yaani ugumu, aitwe Sahl, wepesi. Yule akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake Said bin al-Musayyab alikuja kusema ugumu haukutoka katika ukoo wao tangu hapo. Na upande wa sheria za kileo, mwaka 2008 hakimu mmoja wa New Zealand alimweka msichana wa miaka tisa chini ya uangalizi wa mahakama ili jina lake la ajabu libadilishwe, kwa kuwa mtoto mwenyewe alikuwa analionea haya kiasi cha kuwaficha marafiki.

Hapa kwetu hatuhitaji kusubiri hakimu. Muuguzi anayejaza taarifa ya kuzaliwa anaweza kumwuliza mama, kwa upole, kama jina hilo ni la mtoto au ni la ugomvi, na akamshauri alale nalo usiku mmoja. Shangazi na babu wanaokuja kumpa mtoto jina wanaweza kukataa. NIRA inaweza kuwaondolea ada vijana wanaobadilisha majina ya namna hii, na UNEB, baraza la mitihani la taifa, ikarahisisha kuandika upya vyeti vyao. Na sisi walimu tunayo nafasi moja kubwa, nayo ni wakati wa kuandikisha watahiniwa wa PLE, maana jina linaloingia kwenye fomu ile ndilo litakalomfuata mtoto hadi kazini. Mwaka huu, kabla fomu hazijatoka shuleni kwetu, nitawaita wazazi wa watoto hawa mmoja mmoja, tukae nao chini ya mwembe, niwaulize barua hii walimwandikia nani, na kama bado kuna haja ya kuituma.