Fundi Anayejua Kukataa

Nikisema nafanya kazi kwenye studio ya tatuu Hamburg, watu wa nyumbani huniangalia mikono kwanza. Sina hata moja. Mimi napokea simu, napanga miadi, nawasomea wateja fomu ya ridhaa na kupangusa viti. Hukumu ya tatuu kwetu Waislamu inajulikana, na siandiki kuibishia. Nataka kuzungumza habari ya mafundi wenyewe. Nimelelewa nyumba ya fundi wa hina, Mji wa Kale, Mombasa, na sasa nakula kwa mkono wa fundi wa sindano, mtaa wa St. Pauli. Kadiri ninavyowatazama wawili hao, naona tabia ni ileile, ukimya ni uleule, hata kununa ni kulekule. Ila wa huku ameruhusiwa kukataa kazi, wa kwetu hajaruhusiwa, na jambo hilo linanikera kuliko umeme kukatika.

Bosi wangu ni mtu wa maneno ya kuhesabu. Asubuhi usimwambie kitu mpaka amalize kahawa na awe amechora chochote, hata jani. Mteja anaingia na simu mkononi, anaonyesha simba mwenye taji aliyemwona Instagram. Bosi anatazama, anarudisha simu: "Hii kazi ina mwenyewe." Hanakili. Kama ni simba, mteja atachorewa simba wake, na atamwona siku ile ile ya miadi. Kijana wa miaka kumi na tisa anayetaka shingo ichorwe, na mikono yote bado mitupu, anaambiwa aanze begani, ya shingo tutaonana Mungu akipenda miaka ijayo. Jina la mchumba linajadiliwa mpaka kahawa ipoe, na mara nyingi jibu ni hapana. Na mteja hatukani! Anashukuru, anapewa miadi ya miezi minne mbele, anaacha arubuni ya euro mia asiyorudishiwa asipotokea. Kwetu mtu akitoa pesa huona ameshanunua na mdomo wa fundi.

Sasa mchukueni mama yangu mdogo. Anatia maharusi hina tangu mimi sijaanza chuoni. Unga wake huuchekecha kwa kitambaa, huukanda kwa ndimu na mafuta kidogo ya mkaratusi, huulaza usiku kucha, na asubuhi ndiyo anaufunga kwenye koni za nailoni. Akikaa mbele ya bi harusi hazungumzi na mtu. Huushika ule mkono, huugeuza, huusogeza kwenye mwanga wa dirisha, na unaweza kumaliza kikombe cha kahawa hajaweka hata nukta. Anaangalia mishipa, urefu wa vidole, mahali ngozi inapokunjika. Akianza sasa, haondoi koni mpaka shina la ua limefika kifundoni. Siku nilipomwona bosi anaugeuza mkono wa mteja vilevile, anausogeza dirishani vilevile, nilimpigia mama mdogo simu nikamwambia ana pacha wa Kizungu.

Lakini bosi hana mama wa bi harusi pembeni anayesema fanya upesi, watu wa ngoma ya vugo washafika. Hana shangazi anayetaka maua makubwa kama aliyoyaona harusi ya Malindi, wala wifi anayetaka piko, ile rangi nyeusi, ijazwe mpaka kiwikoni. Na kazi ikiisha, mgongo umeshakuwa upinde, bei iliyokubaliwa inafunguliwa upya: "Punguza basi, si hina tu hiyo." Aliyepiga video ya harusi hiyohiyo amelipwa mara kadhaa zaidi na hakuna aliyemwomba apunguze hata shilingi. Mama mdogo akinuna, ana maringo. Akikataa ua fulani, hajui kazi.

Msinijibu kwamba Wazungu walizaliwa wakiheshimu sanaa, maana mtaa huu ninaofanyia kazi unawakanusha. Christian Warlich, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1964, ndiye aliyeitwa mfalme wa wachora tatuu hapa St. Pauli, naye alikuwa mwenye baa. Alichorea watu palepale baani. Baharia alikunywa, akafunguliwa albamu ya michoro, akaonyesha kwa kidole: nanga, meli, joka, mwanamke. Akijuta, Warlich huyohuyo alikuwa na dawa yake ya kufutia. Leo michoro yake inatunzwa kwenye makumbusho ya historia ya Hamburg na watu wamewahi kulipa kiingilio kuiona, lakini enzi zake aliyekuwa akiamuru ni mnywaji. New York nako, mji tunaodhani haukatazi kitu, tatuu ilipigwa marufuku 1961 kwa hofu ya homa ya ini, na ruhusa haikurudi mpaka 1997. Heshima anayoifaidi bosi wangu ni ya juzijuzi, na mafundi waliipata kwa kung'ang'ania kuchora vya kwao.

Wala hawana cheti, kama mnadhani siri iko huko. Ujerumani inataka miaka ya mafunzo na mtihani hata kwa mwoka mikate, lakini mchora tatuu hana mafunzo rasmi yanayotambuliwa. Anasajili biashara, idara ya afya inaweza kuja kukagua usafi, basi. Bosi alijifunza kwa kufagia karakana ya mzee mmoja na kuchora mistari kwenye ngozi ya nguruwe kutoka buchani. (Wanafunzi wa siku hizi wanatumia ngozi ya mpira, alhamdulillahi, kwa sababu anayesafisha meza ni mimi.) Mama mdogo naye alijifunza kwa kumshikia bibi yake taa. Hapo wametoka suluhu.

Wanapoachana ni kwenye chupa. Januari 2022 Umoja wa Ulaya ulibana kemikali zaidi ya 4,000 kwenye wino wa tatuu, na Januari 2023 zikafuata rangi mbili zilizokuwa zikitumika kila mahali, Blue 15:3 na Green 7. Bosi alilaani serikali zote za Ulaya, alilaani kiwanda, akanilaani na mimi niliyemletea barua. Buluu yake ya bahari, aliyoizoea jinsi inavyoingia na jinsi inavyopoa ngozi ikishapona, ilikwenda kwenye ndoo. Kwa miezi alikuwa akijaribu rangi mpya kwenye paja lake mwenyewe.

Kwetu kuna piko. Hiyo tunayopaka maharusi ni rangi ya nywele, na rangi nyeusi za aina hiyo mara nyingi zina PPD, kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa kudumu, hata asiweze tena kupaka nywele rangi maisha yake. Nawaona hapa mapokezi, watalii waliorudi kutoka ufukweni, wengine kutoka kwetu Diani, wamechorwa pomboo kwa "hina nyeusi" na pomboo amebaki mkononi kwa malengelenge. Wanauliza kama anaweza kufunikwa. Nilipomweleza mama mdogo, hakubisha, aliyajua hayo kunishinda. Alisema tu kwamba maharusi wa siku hizi wanataka nyeusi, na asipowatilia yeye watatiwa na mwingine kabla ya adhuhuri. Mnaona? Fundi anajua kitu kinaumiza watu na hana nafasi ya kusema hapana, kwa sababu sisi wateja tumemzoesha kwamba hapana yake ni kiburi.

Kukataa nako kuna uchafu wake, na huku nimeuona. Mafundi wengi hukataa ngozi nyeusi. Husema rangi haitaonekana, husema makovu yatavimba. Ni kweli makovu ya kuvimba yanatupata sisi zaidi, na ni kweli wino hukaa tabaka la pili la ngozi, milimita moja au mbili ndani, kwa hiyo unautazama kupitia weusi wako kama mtu aliyevaa miwani ya jua. Hayo yana dawa kwa mwenye nia: mistari minene, ngozi tupu kuachwa katikati ili mchoro upumue, na rangi kujaribiwa kwa nukta ndogo kwanza mahali pasipoonekana. Alikuja kijana wa Kighana aliyezungushwa na studio moja ya jirani mpaka akachoka. Picha za kazi za studio hiyo nilizitafuta baadaye, mtu mweusi hayumo hata wa dawa. Bosi alimpa nukta tano za rangi kwenye mkono, akamwambia arudi zikishapona. Mama mdogo angewafundisha wote hao kwa asubuhi moja. Mkono mweusi yeye huupa mstari mnene na nafasi, ule uzi mwembamba kama wa hariri anawawekea weupe, na hakuna bi harusi aliyewahi kumkataa kwa rangi yake.

Na upweke je? Bosi ana mgongo mbovu, kifundo cha mkono kinachomwamsha usiku, na hana mtu wa kumwambia ua limekonda. Mteja wa Kijerumani asiporidhika hukaa kimya, hulipa, akifika nyumbani ndiyo anaandika kwenye mtandao na kutoa nyota mbili. Wanaomsifu nao wanamsifu mno. Nimewaona vijana wa mtaa huu, wenye wafuasi hadi wa Brazil, wanachora waridi lilelile kila siku kwa sababu ndilo linalopendwa, na kila mwaka linazidi kuwa vivu. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe. Mama mdogo amezungukwa na majaji: "Bibi, hapo jani limelala." "Upande wa kushoto umezidi." Anafoka, anawafukuza chumbani, halafu analirekebisha lile jani. Ndiyo maana mkono wake haujawahi kulegea.

Kuna kitu kingine ambacho huku kimenishangaza. Mtu mwenye tatuu hulitaja jina la fundi kwanza, "hii ni kazi ya fulani", kabla hajakuambia imechorwa nini. Makongeni, kule Kwale, wapo vikongwe wa Kimakonde wenye chale usoni, watu ambao wazee wao walikuja kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, na Kenya ikawatambua rasmi kuwa kabila la 43 mwaka 2017. Sijasikia mtu akiuliza ni nani aliyewachanja. Watu husoma wametoka wapi. Siwezi kusema ipi ni bora, ila yule mchanjaji wa Kimakonde lazima alikuwa na usiku wake wa kukosa usingizi kwa ajili ya mstari mmoja, kama hawa wengine.

Nilimpenda bosi kwa mzee mmoja wa bandarini. Alikuja na nanga aliyochorwa ujanani, barabara ya Hamburger Berg hapahapa St. Pauli, kwenye duka alilolichukua mchora tatuu Herbert Hoffmann mwaka 1961. Wino umetanuka, umekuwa buluu ya chupa kuukuu, kamba ya nanga haionekani tena. Mzee alitaka ichorwe upya iwe kali kama zamani. Bosi alivaa miwani, akaivuta ngozi kwa vidole viwili ikanyooka, akaiachia ikajikunja, akaivuta tena. Akasema hataigusa. Akaenda kumtengenezea kahawa, wakakaa kuzungumza meli mpaka mteja aliyefuata akaanza kutazama saa. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya masaa mawili, euro 150 kila saa, yanayokwenda na mvuke wa kahawa.

Nilimweleza mama mdogo kisa hicho, akaniambia Mzungu wenu hana kodi ya kulipa. Anayo, na ni kubwa. Lakini kuhusu arubuni alinisikiliza. Sasa anataka nusu kwa M-Pesa kabla hajalaza hina, na mfuko wa piko ameutoa nyumbani. Baadhi ya watu wamekasirika. Bi harusi mmoja wa Kisauni amemwacha, amekwenda kwa msichana aliyejifunza kwenye simu na anayemtia nyeusi mpaka kiwikoni. Nilimuuliza kama amepata hasara kubwa. Akasema wiki hiyo alilala adhuhuri kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, kisha akaniuliza kama ule mkaratusi wa dukani kwa Wajerumani ni halisi au wa kuchanganya.