Tangi la Maji ya Bahari Lubumbashi Lipimwe kwa Saa za Giza

Karibu kila mgeni anayeingia sebuleni kwetu, Bel-Air katika komuni ya Kampemba, akishamaliza kushangaa, huniuliza swali lilelile: tangi hili linabeba samaki wangapi? Wauzaji nao hulijibu swali hilo kwa lita, kana kwamba samaki ni magunia ya unga na tangi ni ghala. Tangi langu lina urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 60, yaani lita elfu moja na kidogo, na nimeishi nalo kwa miaka minne. Muda huo umenifanya niamini kwamba katika mji wetu lita ni kipimo cha pili. Cha kwanza ni saa ambazo tangi linaweza kukaa bila umeme na viumbe vyake vyote vikabaki hai, na idadi ya samaki inapaswa kutolewa humo.

Umeme ukikatika, kinachokwisha kwanza ni hewa. Pampu zinasimama, uso wa maji unatulia kama maji ya mtungini, na oksijeni inaingia kwa kusuasua huku samaki, bakteria wa kwenye mawe na mwani, ambao usiku nao huvuta oksijeni, wakiendelea kuitumia ile iliyomo. Maji ya chumvi yenye joto hayana akiba kubwa ya hewa hiyo. Ufukweni, maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba oksijeni chini kidogo ya miligramu 7 kwa lita. Lubumbashi iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 13, na maji yaleyale hapa hayafikishi hata miligramu 6. Anayenakili hesabu ya samaki ya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaanza akiwa tayari na upungufu ambao macho hayauoni.

Nilijifunza haya kwa hasara. Mwezi wa Julai wa mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na samaki 22, na kwa hesabu ya lita bado nilikuwa na nafasi. Umeme ulikatika saa nne usiku ukarudi saa tatu asubuhi. Jenereta tulikuwa nayo, ila mafuta yake yalikuwa yamekwisha kuhamia katika pikipiki ya mdogo wangu, jambo ambalo hadi leo linasimuliwa nyumbani kwa namna mbili tofauti. Kulipopambazuka kangaja wawili walikuwa wamelala ubavu, kitatange amejibana pembeni akihema juujuu, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimewatoa 12. Waliotangulia kufa ni wakubwa na waendao mbio, kwa sababu ndio walaji wakuu wa oksijeni. Wale wadogo wanaoishi katika maua ya bahari walisalimika wote.

Kilichonishangaza asubuhi ile ni kipimajoto. Usiku wa Julai hapa kwetu ni baridi kweli, nami nilidhani baridi ndiyo iliyowaua, kumbe maji yalikuwa yameshuka kutoka nyuzi 25 hadi 22 tu. Kupandisha lita elfu moja kwa nyuzi moja kunahitaji takribani yuniti 1.2 za umeme, na maji mengi kama yanavyochelewa kupata joto ndivyo yanavyochelewa kulipoteza. Ukubwa wa tangi basi ni kinga nzuri dhidi ya baridi, lakini dhidi ya kukosa hewa ni kinga hafifu mno, na hapo ndipo wengi wetu tunapoitumia betri vibaya. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ya aina ya risasi, ina wati-saa 1,200, ambazo si busara kutumia zaidi ya nusu yake. Vipasha joto viwili vya wati 500 vitaimaliza nusu hiyo kabla ya saa moja kwisha, wakati pampu ndogo ya wati 20 inayotikisa uso wa maji itakesha nayo na kuamka nayo, hata ukitoa kinachopotea katika inveta. Kwa hiyo betri yangu sasa inahudumia pampu hiyo peke yake, na dhidi ya baridi natumia karatasi nene za povu ninazozibandika nyuma na ubavuni mwa tangi kuanzia Mei.

Juu ya uzito sitasema mengi, kwa kuwa fundi yeyote mwenye akili atakwambia. Maji yenyewe yanazidi tani moja, vioo vya milimita 15 vinaongeza kilo 200, mawe kilo 100 nyingine, kwa hiyo weka tangi chini, juu ya zege lililomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Ila usisahau kwamba pampu ikisimama, maji ya juu hushuka katika tangi dogo la chini lenye chujio. Liachie tangi hilo nafasi ya kuyapokea, na toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, karibu na uso wa maji, ili livute hewa na maji yaache kushuka. Mimi nililitoboa baada ya zulia la mke wangu kuloa.

Maji, hata hivyo, yanastahili kusemwa kwa kirefu, maana sisi ni watu wa mji wa shaba. Shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba, konokono na karibu kila kiumbe cha bahari kisicho na uti wa mgongo, hata ikiwa kidogo kiasi ambacho binadamu akikinywa hadhuriki. Siwezi kubahatisha maji ya kisima katika ardhi kama hii, wala ya bomba ambalo sijui limepita wapi, kwa hiyo kila lita inayoingia hupita kwanza katika utando wa kuchuja chumvi kwa shinikizo, kisha katika resini, chembechembe zinazonasa madini yaliyobaki, hadi kipima madini kisome sifuri, ndipo naongeza takribani gramu 35 za chumvi ya bahari kwa kila lita. Mjomba wangu, mzee aliyefanya kazi mgodini maisha yake yote, aliniletea siku moja jiwe zuri la malakiti, kijani kibichi lenye mistari, akiwa na hakika kwamba ndilo pambo lililokosekana. Malakiti ni kabonati ya shaba. Nilimshukuru kwa mikono miwili na kuliweka juu ya rafu ya vitabu, mbali na maji, na kila akija hulitazama, akalitazama tangi, asiseme neno.

Shaba hiyohiyo ni dawa, nayo hutibu ugonjwa wa vidoa vyeupe unaoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, lakini itumike katika tangi la karantini lisilo na mawe, kwa sababu mawe ya chokaa huinyonya na kuitunza. Kila samaki wangu mpya hukaa humo wiki sita. Majirani huliona jambo hili kuwa la kitajiri, ilhali tangi la karantini ni beseni la lita 100 lenye pampu ya hewa, na gharama yake haifiki bei ya kangaja mmoja aliyefika hapa akiwa hai. Chumvi hutoka Dar es Salaam kwa lori, takribani kilomita 2,000 kupitia Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa. Samaki huja kwa ndege ndani ya mifuko ya oksijeni, na kila saa ya kungoja forodhani inatoka katika uhai wao. Matumbawe magumu yote na farasi-bahari wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo anayekuuzia bila kibali anakuuzia pia kesi.

Baada ya usiku ule nilikaa mwezi na nusu bila kuongeza kiumbe, nikipima amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu na mizoga, hadi zikarudi sifuri, kisha nikaweka sheria yangu: samaki nitakaowaweka wawe wale ambao pampu ya wati 20 itawafikisha asubuhi. Leo ninao tisa, wengi wao wadogo kuliko kiganja. Kangaja wa buluu, yule Paracanthurus hepatus anayeuzwa akiwa na sentimita tano na kukua hadi karibu 30, nimemkataa mara mbili.

Rafiki mmoja hunicheka kwamba ningefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa Moba, wasiohitaji chumvi wala ndege. Kwa mtu anayeanza, nakubaliana naye kabisa, ila saa za giza azihesabu vilevile.

Mtoto wa jirani naye ana hesabu yake. Jana alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, “Yaya,” yaani kaka kwa Kiswahili chetu cha hapa, “hawa tutawapika lini?” Nilimwambia bado ni wachache. Nafasi ya wa kumi ipo, lakini betri ni mpya, na Julai haijapita.