Pilau la Mara Kumi na Mbili

Wifi yangu alikuwa kasafiri kwenda harusini, na siku hiyohiyo baba yake akapiga simu kwamba yuko njiani anakuja kutusalimia. Mdogo wangu wa kiume hajawahi kupika kitu kigumu kuliko chai, lakini mkwe ni mkwe. Akatumiwa vipimo vya pilau kwa meseji: mchele vikombe 2, nyama kilo 1, chumvi nusu kijiko cha chakula, mdalasini theluthi ya kijiko cha chai, pilipili manga robo.

Mimi niko sebuleni na mwanawe, kidato cha kwanza, kesho yake ana jaribio la hisabati. Kapewa y = 2/3x − 5/4, aiandike kwa umbo la ax + by = c, sehemu zisionekane. Asili, zile namba za chini, ni 3 na 4, KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 12, basi zidisha kwa 12. Kijana akaandika y = 8x − 15 na kuweka kalamu chini kama aliyemaliza chuo.

“Na y je?”

“Ile haina sehemu, Shangazi.”

Watoto wote ndivyo walivyo, wakimwona y kasimama peke yake wanamwonea huruma. Nikamwambia aweke x = 3. Mlinganyo wa kwanza ukatoa y robo tatu, wa kwake ukatoa 9. Hapo sauti yangu ikapanda.

Kumbe huko jikoni simu imeita tena, mkwe anakuja na wenzake watano. Mdogo wangu akauliza, “Dada, wageni wameongezeka, vipimo nifanyeje?” Kitunguu kinachachatika kwenye mafuta, sikusikia neno. Yeye akanisikia vizuri kabisa: “Zidisha kwa kumi na mbili! Sehemu zote ziondoke!”

Kijana mwishowe akafika: 12y = 8x − 15, akahamisha, 8x − 12y = 15. Safi.

Chakula kikaandaliwa. Baba mkwe akatia tonge la kwanza, akatulia, akaomba maji. Wenzake nao wakaomba maji. Nikaonja. Nikamvuta mdogo wangu pembeni.

“Chumvi umeweka kiasi gani?”

“Vijiko sita. Pilipili manga vitatu, mdalasini vinne. Si ulisema mwenyewe?”

“Na mchele?”

“Mchele hauna sehemu, Dada.”

Mwanawe alikuwa nyuma yetu. “Baba! Ulitakiwa uweke vikombe 24!”

Baba mkwe alipoelezwa alicheka mpaka akapaliwa, kisha akatoa hela mwenyewe, mchele ukanunuliwa. Sufuria tukaazima kwa mama ntilie wa jirani. Saa nne usiku tukakaa tena mkekani, vikombe 24 vimeiva, vinanukia, na chumvi imekaa mahali pake.

Kijana akachokonoa sahani yake huku na huko.

“Shangazi, na nyama je? Si kilo 12?”

“Nyamaza, ule.”