Paundi 1,055 za Aron Salomon

Ukisoma sheria ya makampuni, iwe Nairobi au Dar es Salaam, humkwepi Aron Salomon, fundi viatu wa Whitechapel, London. Kwa kawaida husimuliwa kama mjanja: mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni yake mwenyewe, akachukua hisa 20,001 kati ya 20,007, mkewe na watoto watano wakapewa moja moja, naye akajiandikia dibencha, yaani hati za deni lililodhaminiwa na mali ya kampuni, za paundi 10,000. Kampuni ilipofilisika mwaka uliofuata, akadai alipwe kabla ya waliokopesha bila dhamana. Mahakama ya Rufaa iliuita mpango huo utapeli.

Hasira ya wadai hao naielewa. Walidai zaidi ya paundi 7,700, na jina la Salomon mlangoni lilikuwa lilelile walilolizoea.

Lakini mjanja gani huyu? Migomo ilipoikaba biashara, alizitoa dibencha zake zikawa rehani kwa mkopeshaji Edmund Broderip, akapata paundi 5,000, na fedha hizo akaziingiza kwenye kampuni. Mwenye nia ya kutoroka na mali hairudishi ndani. Kesi ilipofika Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, alikuwa fukara kiasi cha kuruhusiwa kukata rufaa kama maskini.

Broderip akishalipwa, zilizobaki kugombaniwa ni kama paundi 1,055. Zigawe kwa deni lile la paundi 7,700: kila mdai angeambulia chini ya shilingi 3 kwa kila paundi aliyokopesha, na paundi ya wakati huo ilikuwa shilingi 20. Kwa kiasi hicho, jaji wa kwanza alikuwa tayari kumbebesha mzee huyu madeni yote ya kampuni, eti ilikuwa wakala wake tu. Sheria ya makampuni ya 1862 ilitaka wanahisa saba. Walikuwepo saba, na haikusema wasiwe wa nyumba moja.

Novemba 1896 Malodi walimpa Salomon ushindi kwa kauli moja: kisheria kampuni ni mtu tofauti na mwenye hisa zake. Lord Macnaghten alisema wadai wale wajilaumu wenyewe. Hapo alikuwa mkali mno, maana dibencha wakati huo zilikaa kwenye daftari la kampuni yenyewe, na muuza mali gani huomba daftari kabla ya kupakua mzigo? Hata yeye aliona ni kashfa dibencha kukomba kila kitu. Mwaka 1897 Bunge likatanguliza mishahara ya wafanyakazi mbele ya dibencha za namna hiyo. Muuza mali aliyekopesha bila dhamana likamwacha palepale, mkiani.