Ndoana ya trela: funga mwenyewe, lakini kwangua kwanza

Boliti ya kwanza niliifungua kwa vidole. Nilikuwa nimelala chini ya gari na spana mkononi, nikitafuta kinachogonga "kop" kila nikikanyaga breki nikiwa na trela. Nilipoishika nati ikazunguka kirahisi kama kifuniko cha chupa. Nne kati ya sita zilikuwa hivyo, na mwezi mzima nilikuwa nimebeba mbao na mchanga kwa ndoana hiyo, watu wakitembea kandokando ya barabara.

Ndoana ile nilifungiwa karakana, kwenye gari nililokuwa nalo wakati huo, na siku ya kwanza zile boliti zilikazwa sawasawa, nilisimama pale nikaona. Tatizo lilikuwa katikati. Chini ya magari mengi kuna lami ya kuzuia kutu, tabaka la milimita moja au mbili, na fundi aliibandika mabano ya ndoana juu ya lami hiyo. Lami si chuma. Ikibanwa na ikipata joto la bomba la moshi, inasogea taratibu na kutoka pembeni. Ikishatoka panabaki nafasi, na boliti iliyokuwa imevutika inalegea.

Wengi wetu tunadhani boliti inashikilia mzigo kama msumari, yaani kwa unene wake. Sivyo inavyofanya kazi hapa. Boliti iliyokazwa imerefuka kidogo sana, kama springi, na ule mvuto wake ndio unaogandamiza vyuma viwili hadi visiteleze. Kinachovuta trela ni msuguano kati ya mabano na gari. Mvuto ukiisha, vyuma vinaanza kucheza, tundu linapanuka, na boliti inapigwa ubavuni kila unapoondoka na kila unaposimama mpaka siku moja ikatike.

Ndiyo maana nasema wazi: mwenye gari dogo, kama una nafasi tambarare, vifaa vya kawaida na siku nzima isiyo na haraka, funga ndoana yako mwenyewe. Utaalamu mwingi hauhitajiki. Sehemu inayoamua usalama wa kazi hii ni ile ya kuchosha, ya kukwangua, na aliye na magari matano yanayomsubiri nje ndiye mwenye kishawishi kikubwa cha kuiruka.

Lakini kabla hujanunua chochote, soma kibao cha uzito. Kwa magari mengi kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya utakuta mistari minne ya kilo: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari na mzigo wake, wa pili ni gari pamoja na trela, mingine miwili ni ya ekseli. Toa wa kwanza kwenye wa pili, umepata unachoweza kuvuta gari likiwa limejaa. Mstari wa pili ukikosekana, au ukiwa sawa na wa kwanza, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta kitu. Yapo magari madogo ya namna hiyo, na hapo mjadala umekwisha. Usiniambie jirani yako anavuta na lake ni aina ileile. Klachi, breki na kipoza injini havijui habari za jirani.

Trela isiyo na breki zake ina kikomo kingine. Ulaya ni kilo 750 au nusu ya uzito wa gari tupu, kidogo kati ya hivyo viwili. Gari la kilo 1,000 basi linavuta 500, na hizo 500 ni trela na mzigo kwa pamoja. Trela peke yake inaweza kula 150 kabla hujapakia hata gunia moja.

Sasa mashimo. Gari dogo la siku hizi halina chesi, yaani fremu nzito ya chini, iliyo peke yake kama lori. Bodi yote ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa, na mihimili miwili inayopita chini ya buti ni mabati hayohayo yaliyokunjwa kuwa boksi. Watengenezaji walipoidhinisha gari kuvuta, kwa kawaida waliacha mashimo kwenye mihimili hiyo, mara nyingine na nati zilizochomelewa kwa ndani, yakazibwa kwa vizibo vya mpira au kufunikwa na lami. Ndoana iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako inatua kwenye mashimo hayo. Nilipoyapata ya gari langu la sasa kwa kupapasa kwa kidole, moja baada ya jingine, yakiwa yamejificha tangu gari litoke kiwandani, nilifurahi kweli. Kumbe gari lilikuwa limeandaliwa.

Anayekwambia mashimo si lazima, atachomelea tu, mkatalie kwa adabu. Joto la kuchomelea linaunguza zinki na rangi hadi ndani ya boksi ambako brashi haifiki, na kutu inaanza upande usiouona. Chuma chenye nguvu kubwa kinachotumika kwenye magari mapya kinapoteza sehemu ya nguvu yake pale karibu na mshono. Kutoboa matundu mapya kwenye bati la milimita moja na nusu nako ni hivyohivyo, maana hakuna aliyepima kama sehemu hiyo inabeba.

Na inabeba kiasi gani? Wahandisi wana hesabu yao: uzito wa gari mara uzito wa trela, gawa kwa jumla yao, zidisha kwa 9.81. Gari la tani 1.4 na trela ya tani 0.6 linatoa kilonyutoni 4.1 hivi, kama uzito wa kilo 420 ukivuta na kusukuma kwenye ndoana. Ndoana iliyothibitishwa huwa na kibati chenye namba hii, imeandikwa D, na inapaswa isiwe chini ya hesabu yako.

Kazi yenyewe ilinichukua siku moja na shemeji yangu. Matairi ya mbele tuliyawekea kabari, tukainua nyuma kwa jeki na kulishusha gari kwenye stendi za chuma za kulishikilia. Jeki peke yake haitoshi, usiingize hata kichwa chini ya gari lililosimama kwa jeki. Bampa lilitoka kwa skrubu na klipu, na klipu mbili zilivunjika, kwa hiyo nunua za ziada mapema. Raba za bomba la moshi zinateleza vizuri kwa maji ya sabuni. Kwenye gari langu, chuma cha ndani ya bampa kilitoka kabisa na nafasi yake ikachukuliwa na ndoana.

Halafu kukwangua. Niliweka mabano, nikachora mpaka wake kwa chaki, nikayaondoa. Ndani ya mstari ule sikutaka hata punje ya lami. Ikipashwa kwa hewa ya moto inalainika na kutoka kama ganda la ndizi bivu. Ikiwa baridi inatoka vipandevipande na kuingia machoni, kwa hiyo vaa miwani. Kilichobaki kwenye kona nilikifuta kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kikatoka safi. Saa mbili na nusu zilikwenda hapo. Mahali palipobaki chuma kitupu nilipaka rangi yenye zinki, tabaka jembamba, nikaiacha ikauke kabisa, kwa sababu rangi nene au mbichi inarudisha shida ileile ya lami.

"Shemeji, inua kidogo upande wako," nikamwambia, na chuma kile kizito kikaingia mahali pake. Boliti zote sita ziliingia kwa mkono kwanza, zikiwa legevu. Ukikaza ya kwanza kabla ya nyingine kuingia, utaishia kulazimisha ya sita kwa nyundo na kuharibu nyuzi zake. Zote zikishashika ndipo unakaza, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Boliti ya milimita 12 yenye alama 8.8 kichwani kwa kawaida inataka nyutonimita 80 hivi, ila karatasi ya ndoana yako ndiyo yenye neno la mwisho. Boliti isiyo na namba kichwani usiikubali hata kama inaenea. Namba ile inakwambia nguvu ya chuma chake, na bila namba unabahatisha.

Kwenye nyaya nitakuwa mfupi, isipokuwa kwa jambo moja linaloumiza watu. Gari lenye kompyuta inayosimamia taa usilikatie waya wa taa ya nyuma na kuunganisha trela hapohapo. Balbu ya breki au indiketa ni wati 21, na trela inaongeza nyingine kama hizo juu ya zile za gari. Kompyuta inayopima umeme wa kila balbu inaweza kuona hitilafu, au ikaungua kabisa, na kuibadilisha ni gharama kubwa kuliko ndoana yenyewe. Tumia kisanduku cha rilei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, kinachochukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri, kikiwa na fyuzi yake, huku nyaya za taa zikikipa ishara tu. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ufunge kwenye chuma safi. Indiketa ya trela inapowaka pamoja na taa zisizohusika, mara nyingi ni ethi mbovu.

Kichwa cha ndoana, yaani lile tufe, nacho kina kipimo. Ulaya na nchi nyingi nyingine ni milimita 50. Marekani kuna cha inchi 2, yaani milimita 50.8, na kuna kidogo zaidi cha milimita 47.6. Hicho kidogo kinaingia kwenye kikombe cha 50, yaani sehemu ya trela inayofunika kichwa, kikombe kinafunga, kila kitu kinaonekana sawa, kisha kwenye tuta la kwanza trela inaruka na kuchomoka. Soma namba iliyochongwa juu ya kikombe na uilinganishe na ya kichwa.

Siku ya kwanza kupakia, ili kujua pua ya trela inakandamiza ndoana kwa uzito gani, nilichukua mizani ya kujipimia uzito, nikasimamisha kipande cha mbao juu yake na kukalisha kikombe cha trela juu ya mbao, usawa uleule wa ndoana. Ilisoma kilo 31 kwa trela ya kilo 480. Niliiona ndogo, na trela yenye pua nyepesi ndiyo inayoyumba na kulitikisa gari. Nilisogeza mifuko miwili mbele ya ekseli, ikafika 44. Kuzidisha pia kuna madhara. Ndoana iko nyuma ya ekseli, kama mkono wa mizani. Kwa gari lenye sentimita 250 kati ya ekseli na ndoana iliyo sentimita 75 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 60 kwenye ndoana zinaondoa 18 kwenye matairi ya mbele, na kwa magari mengi madogo hayo ndiyo yanayovuta na kupiga kona. Kikomo cha uzito huu kimeandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye ndoana yenyewe. Fuata kilicho kidogo.

Baada ya kilomita 1,000 za kuvuta nilirudi chini ya gari na spana ileile, nikaiweka kwenye 80. Kwenye boliti tano spana ililia "tik", ishara kwamba nguvu imefika, bila boliti kusogea. Ya sita, iliyo karibu na bomba la moshi, ilizunguka kidogo, chini ya robo ya mzunguko, ndipo spana ikalia. Nikaipaka alama ya rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye mabano, na kila mwezi nainama kuangalia kama mstari bado umenyooka.