Vipimo vya haraka vya bakteria kwenye chakula: haraka yenyewe iko wapi?

Siku hizi watu wa maabara za chakula wakikutana ni PCR, PCR, PCR (kipimo cha haraka cha DNA), utadhani kalcha (ile njia ya zamani ya kuotesha bakteria) ishakufa ikazikwa. Mi sipingi vipimo vya haraka, ila kuna mambo tunayaruka.

Kilio chenyewe, kwamba kalcha inachelewa, ni cha kweli. Kutafuta Salmonella, bakteria wa kuharisha, kwa njia ya zamani unachukua gramu 25 za chakula unaziloweka kwenye maji ya lishe usiku kucha, kesho unahamishia kwenye lishe nyingine inayowabana bakteria wengine, keshokutwa unapanda kwenye sahani za aga (jeli ya kuoteshea), unasubiri koloni (vidoa vya bakteria waliozaliana), unathibitisha, siku ya tano hivi ndo una jibu, na Listeria inaweza kufika wiki nzima. Chakula kinachoharibika upesi hakisubiri, ama kitaoza stoo ama kitaliwa kabla majibu hayajatoka. PCR inatafuta DNA ya kimelea moja kwa moja na mashine inamaliza ndani ya saa moja au mbili, nani asipende?

Sasa hapo ndo pa kutulia. Saa mbili hizo ni za mashine tu! Bakteria kwenye chakula wanaweza kuwa wachache mno, hata seli moja ndani ya zile gramu 25, na PCR inapokea maikrolita chache tu za sampuli, kwa hiyo usipowaotesha kwanza wakazaliana wakafika maelfu kwa kila mililita utapima na kupima usione kitu. Ndo maana bado unaanza kwa kuotesha, mara nyingi saa 8 mpaka 24. Yaani haraka hiyo ni kesho, siyo leo. Kesho ni bora kuliko wiki ijayo sikatai, ila muuza mashine hapo huwa anapunguza sauti. (Vile vijiti vya mistari vinavyotumia antibodi (protini zinazomnasa bakteria) ni rahisi zaidi kutumia, ila navyo vinataka bakteria wengi kuliko hata PCR.)

Halafu kuna la maiti. Chakula kikipikwa bakteria wanakufa lakini DNA yao inaweza kubaki, PCR ikasema yupo wakati hakuna hata mmoja wa kumdhuru mtu. Ipo kemikali inaitwa PMA inayoifunga DNA ya waliokufa isisomeke, inasaidia, siyo kwa asilimia mia. Na mafuta ya kwenye chakula yanaweza kuizuia PCR isifanye kazi ukapewa "hayupo" ya uongo. Kalcha nayo isijifanye malaika, bakteria aliyejeruhiwa na joto au baridi anaweza kugoma kuota kwenye sahani na kumbe yuko hai.

Kwangu mimi lakini kubwa ni koloni. PCR ya kawaida inakwambia yupo, haikupi kimelea mkononi. Afrika Kusini 2017 na 2018 listeriosisi (ugonjwa wa Listeria) iliwapata watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, na chanzo kilijulikana kwa kusoma jenomu nzima (DNA yote) ya Listeria iliyooteshwa kutoka kwa wagonjwa na kuilinganisha na ile ya kiwandani, zikaangukia aina moja, ST6. Bila koloni kulinganisha hivo kunakuwa kugumu sana, kusoma DNA yote iliyochanganyika kwenye sampuli kunawezekana ila mara nyingi unapata vipande vipande.

Kwa hiyo mi PCR naikubali kwa kuchuja: ikisema hayupo, na kontroli ya ndani (kile cha kuhakikisha PCR yenyewe haikuzuiwa) imefanya kazi, mzigo uende. Ikisema yupo rudi kwenye chupa ileile uliyooteshea, panda kwenye aga, tunza koloni kwenye friza. Shida ni kwamba mashine ikishasema yupo mteja kashapigiwa simu, mzigo ushazuiwa, kila mtu kashaondoka na jibu lake, na chupa inamwagwa kesho yake asubuhi.