Msilipite Kanisa la Mbweni

Wiki iliyopita nilikuwa garini pamoja na wageni waliokuja Unguja kutembea, na tulipofika Mbweni mmoja wao aliuliza habari za kanisa dogo lililo kati ya miti. Mwenyeji wetu alimjibu bila kupunguza mwendo: "Hilo ni kanisa la Wazungu wa zamani, halina kitu." Nilinyamaza kwa sababu gari halikuwa langu, lakini maneno yale yamenikaa rohoni hadi leo.

Ardhi ya Mbweni ilinunuliwa na UMCA, misioni ya Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1871, wakati wa Askofu Tozer, na hatimaye wakahamishiwa hapo watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilipofunguliwa mwaka 1882, wao ndio waliokuwa waumini wake. Kuliita la Wazungu, kwa kuwa tu umbo lake linafanana na makanisa ya vijiji vya Uingereza, ni kuwafuta tena watu waliokwisha kunyang'anywa makwao na ndugu zao.

Na hilo neno "halina kitu" ndilo linaloniumiza zaidi. Ndani yake mna madhabahu ya marumaru iliyopambwa kwa magamba ya chaza, na mna kiti cha mbao ambacho mabaharia wa manowari ya Kiingereza HMS London walimtengenezea Askofu Edward Steere. Manowari hiyo iliwekwa katika bandari ya Unguja tangu mwaka 1874, na mashua zake ndizo zilizokuwa zikitoka usiku na mchana kuyasaka majahazi yaliyobeba watumwa. Kwa hiyo kiti kile kilitoka mikononi mwa watu wa chombo kilichofanya kazi ya uokozi, kikawekwa katika kanisa la waliookolewa. Sijui samani nyingine hapa kisiwani inayobeba habari nzito kiasi hicho katika vipande vichache vya mbao. Steere mwenyewe alifariki Agosti mwaka ule ule wa 1882, akazikwa Mkunazini, mjini, nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu alilolijenga. Huyu ndiye aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kuifanyia kazi tafsiri ya Agano Jipya, kwa hiyo sisi tunaoandika lugha hii kwa herufi za Kilatini tuna deni kwake hata kama hatusali kanisani.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba misioni iliwapa watu hao uhuru wenye masharti, na kwamba wao wenyewe hawakuulizwa kanisa lao liwe na sura gani. Hata hivyo, waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa hapo ni wao na watoto wao, na jambo hilo halibadilishwi na ramani ya fundi.

Nje, katika makaburi, amelala Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 kuongoza shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria iliyokuwa jirani, na ambaye alibaki Unguja hadi alipofariki mwaka 1926. Shule yenyewe sasa ni magofu.

Wageni wote hupelekwa Mkunazini, na ni haki wapelekwe, kwa sababu soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 lilikuwa pale. Lakini pale wanaonyeshwa mahali watu walipouzwa. Mbweni ndipo wangeona mahali watu wale wale walipoanza kuishi tena, wakalima, wakasoma na kulea watoto. Mimi nitakapopata tena wageni nitaomba gari lisimame, hata kwa robo saa, tumwombe mtunza kanisa atufungulie mlango, na kwanza nitawaonyesha kile kiti.